Kutaka si kufurahia: kuridhika kunavyofanya kazi

Ushauri wa kuridhika haukosekani popote. Uko kwenye mahubiri, kwenye kanga, kwenye status za asubuhi: ridhika na ulichonacho, ishi leo, punguza mambo. Wengi huukubali, hujaribu wiki moja, kisha hurudi walikokuwa. Si kwamba ni wavivu. Ushauri wenyewe umefunga pamoja mambo matatu ambayo hayafanani na hayatibiwi kwa dawa moja: kukosa mahitaji ya kweli, kutaka kusikokoma, na kukaa mahali huku akili iko kwingine. Anayedaiwa kodi ya miezi mitatu akiambiwa avute pumzi ndefu, ametukanwa. Mwenye makabati mawili ya nguo akiambiwa aongeze kipato, amepotezwa. Na aliyekwisha kugawa nusu ya vitu vyake, lakini bado anakula chakula cha jioni huku akijibu meseji za kazini, atashangaa kwa nini nyumba tupu haikumpa utulivu.

Tuyatenganishe basi, tukianza na lile linalorukwa mara nyingi zaidi.

Uhitaji hauondolewi kwa kuridhika

Mwaka 2013 Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao walichapisha utafiti uliohusisha wakulima 464 wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, India. Fedha za miwa huingia baada ya mavuno, kwa hiyo mkulima huyohuyo huwa amekauka kabla ya mavuno na huwa na nafuu baada yake. Watafiti waliwapa majaribio ya kufikiri katika vipindi vyote viwili. Matokeo ya kabla ya mavuno yalikuwa mabaya zaidi, ingawa mtu ni yuleyule na kichwa ni kilekile. Maelezo yao ni kwamba uhaba hukalia akili: sehemu ya uwezo wa kufikiri inakuwa imeshikwa na hesabu ya deni, na kinachobaki kwa mambo mengine ni kidogo.

Hapo ndipo "ishi leo" inapogonga mwamba. Mwenye deni linaloiva Ijumaa hawezi kuamua tu kuwa akili yake iko Jumanne, maana Ijumaa imeshamkalia kichwani. Kuna pia hoja ya fedha na furaha, ambayo hunukuliwa nusunusu. Mwaka 2010 Daniel Kahneman na Angus Deaton walionyesha kwamba kwa Wamarekani, hisia nzuri za kila siku huongezeka pamoja na kipato hadi kufikia dola 75,000 hivi kwa mwaka, kisha zinasimama. Takwimu hiyo ikazunguka dunia nzima. Mwaka 2021 Matthew Killingsworth, akiwa na taarifa za wafanyakazi zaidi ya 33,000, hakuona mahali pa kusimama. Mwaka 2023 Kahneman na Killingsworth, wakisaidiwa na Barbara Mellers, walikaa pamoja wakazipitia upya data zao. Wakakuta kwamba kwa watu wengi furaha inaendelea kupanda, na wanaofika mahali ikasimama ni wale wachache ambao tangu mwanzo hawana furaha. Kwa msomaji wa Mbagala, Kisumu au Bukavu, ugomvi wote huo unafanyika juu sana ya kichwa chake. Katika vipato vya chini, pande zote mbili zinakubaliana kwamba fedha inasaidia.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kuridhika inaweza kuwa daftari la madeni. Chora safu nne: unayedaiwa naye, kiasi kilichobaki, riba kwa mwezi, tarehe ya kulipa. Kisha panga kwa riba, kubwa juu. Wengi hulipa kwanza mdai anayepiga simu sana, wakati anayewamaliza ni yule aliyenyamaza. Chukua mkopo wa kausha damu wa shilingi 200,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Ukiwa unalipa riba tu, ni 60,000 kila mwezi, na baada ya miezi minne umeshatoa 240,000 huku deni likiwa bado 200,000. Lipa kiwango cha chini kwenye madeni mengine yote, na kila shilingi ya ziada iende kwenye hilo la juu mpaka life. Fedha ya upatu ikikuangukia katikati ya safari hiyo, iende hukohuko kabla haijapata jina lingine.

Anayeishi na sufuria mbili kwa sababu hana uwezo wa kununua ya tatu hajarahisisha maisha. Urahisi ni kuchagua, na asiye na cha kuchagua hapaswi kusifiwa kwa uchache wake. Mwajiri anayewahubiria wafanyakazi kuridhika mwezi ambao mishahara imechelewa anajua vizuri anachofanya.

Mifumo miwili isiyofanana

Sasa tuje kwa mtu ambaye mahitaji yake ya msingi yametimia, au yanatimia kwa taabu inayobebeka, na bado hatulii.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba tunataka kitu kwa sababu tunakifurahia, na kwamba kemikali ya ubongo iitwayo dopamini ndiyo furaha yenyewe. Kent Berridge na Terry Robinson wa Chuo Kikuu cha Michigan walianza kuivunja dhana hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980. Walifanya kazi na panya ambao dopamini yao ilikuwa imeharibiwa karibu yote. Panya hao hawakwenda kutafuta chakula hata kikiwa karibu, wangekufa njaa. Lakini walipodondoshewa maji ya sukari mdomoni, walilamba midomo kwa ishara zilezile za utamu kama panya wazima. Kutaka kulikuwa kumekufa, kufurahia kulikuwa hai. Kinyume chake pia kimeonekana: panya wenye dopamini iliyozidi hukimbilia chakula kitamu kwa nguvu zaidi, bila dalili kwamba kinawaonjea vizuri zaidi.

Wolfram Schultz aliongeza kipande kingine katika miaka ya 1990 kwa kurekodi seli za ubongo za nyani. Nyani akipewa juisi asiyoitarajia, seli za dopamini zinawaka. Akishazoea kwamba taa hutangulia juisi, zinawaka kwa taa, na juisi yenyewe ikija haziongezi kitu. Taa ikiwaka na juisi isije, zinashuka chini ya kiwango cha kawaida.

Yahamishie maarifa hayo kwenye simu yako. Picha ya viatu kwenye ukurasa wa muuzaji ndiyo taa. Msisimko unafika kilele pale unapouliza bei na kusubiri bodaboda, na viatu vikifika mlangoni vinakuta sherehe imeisha. Hakuna ulaghai hapo, viatu ni vizuri. Ni kwamba mfumo uliokusukuma kununua haujawahi kuwa na kazi ya kukufurahisha. Kazi yake ni kukutoa ulipo, na ukishafika unatafuta taa nyingine. Wahenga waliosema usiache mbachao kwa msala upitao hawakuwa na maabara, ila walijua msala unaopita hung'aa kwa sababu unapita.

Hapo watu hupenda kuleta habari ya washindi wa bahati nasibu, na mara nyingi huileta vibaya. Utafiti wa Philip Brickman na wenzake wa mwaka 1978 ulilinganisha washindi 22 wa Illinois na watu 22 wa kawaida, pamoja na watu 29 waliopooza kwa ajali. Washindi hawakuwa na furaha zaidi ya majirani zao kwa tofauti inayohesabika, na walipata raha ndogo zaidi kwenye mambo madogo kama kula kifungua kinywa au kuzungumza na rafiki. Lakini waliopooza hawakuwa na furaha sawa na wengine, kama inavyosimuliwa. Walikuwa chini, ila si chini kiasi watu walichotegemea. Na kundi la watu 22 ni dogo mno. Uchunguzi mkubwa wa washindi wa Sweden uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta walioshinda fedha nyingi wameendelea kuyaridhia maisha yao zaidi kwa zaidi ya miaka kumi. Kwa hiyo kuzoea kupo, lakini hakufuti kila kitu. Kinachozoeleka haraka ni kitu. Usalama wa kutoogopa kesho hauzoeleki upesi hivyo.

Kuna matokeo mawili ya kwetu ambayo yanastahili kujulikana zaidi. La kwanza linatoka kwa Wahadzabe, jamii ya wawindaji na wakusanyaji wa eneo la Ziwa Eyasi, Tanzania. Coren Apicella na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, waliwapa watu kitu kimoja kwa bahati, biskuti ya aina fulani au kiberiti cha gesi, kisha wakawauliza kama wangependa kubadilisha na cha aina nyingine. Kama kupewa kitu hakubadilishi chochote, karibu nusu ya watu wangebadilisha. Wahadzabe wanaoishi mbali na soko walifanya hivyo hasa, karibu nusu. Walio karibu na Mangola, ambako watalii na biashara hufika, walibadilisha robo tu, wengine waling'ang'ania walichoshika. Inaelekea basi kwamba ule mshikamano wa haraka na mali, hata mali ya dakika tano, si sehemu ya lazima ya binadamu. Unafundishwa na mazingira ya kununua na kuuza. (Tusiwageuze Wahadzabe kuwa picha ya ukutani, hata hivyo. Watu wasio na desturi ya kuweka akiba wala kumiliki walilazimika kupigania karatasi: mwaka 2011 jamii ya bonde la Yaeda ilipata hati ya kimila ya ardhi, maana bila hati pori lilikuwa linaliwa.)

La pili linatoka Rarieda, kaunti ya Siaya, Kenya. Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walifuatilia kaya zilizopewa fedha taslimu bila masharti na shirika la GiveDirectly. Waliopokea walipata nafuu ya moyo, jambo linalothibitisha sehemu ya kwanza ya makala haya. Lakini uchambuzi mwingine wa data hizo ulikuta kwamba kuridhika kwa majirani wasiopokea kulipungua kadiri wenzao walivyopata, ingawa wao wenyewe hawakuwa wamepoteza hata senti. Hakuna kilichotoka nyumbani kwao. Kipimo ndicho kilichosogea.

Kupunguza kutaka ni kazi ya mikono

Kutaka hakuzimwi kwa kujikaripia. Kunapunguzwa kwa kuondoa taa, na kwa kuweka umbali kati ya taa na fedha.

Anza na orodha ya kusubiri. Kila kitu unachotaka kununua ambacho si chakula, dawa, vifaa vya shule wala kifaa cha kazi kilichoharibika, kinaandikwa kabla ya kununuliwa. Andika tarehe, kitu, bei, na mahali ulipokiona. Muda wa kusubiri ni siku moja kwa kila shilingi 10,000 ya Tanzania, au kila 500 ya Kenya, mwisho siku 30. Viatu vya 45,000 vinasubiri siku 5, simu ya 400,000 inasubiri mwezi. Siku zikiisha na bado unakitaka na fedha ipo, nunua bila kujihukumu. Vingi vitakuwa vimekauka vyenyewe kwenye daftari.

Safu yenye thamani kuliko zote ni ile ya mwisho, mahali ulipokiona. Baada ya mwezi itakuonyesha kwamba tamaa zako hazitoki kila upande, zinatoka kwenye milango michache: kurasa mbili tatu za Instagram, group la WhatsApp la wauzaji wa madera na vyombo, pengine rafiki mmoja wa ofisini. Milango ya simu ifunge. Zima status za wauzaji, toka kwenye group, futa kadi iliyohifadhiwa kwenye programu ya ununuzi. Fedha ya akiba isikae kwenye laini ileile unayolipia Lipa Namba, ihamishe kwenye akaunti ambayo kuitoa kunahitaji kutembea. Rafiki usimfungie mlango, badilisha tu mnachozungumzia.

Mambo matatu huharibu zoezi hili. Ofa ya "leo tu" ndiyo ya kwanza. Kanuni ya kusubiri itakukosesha bei nzuri mara kadhaa, na hiyo ndiyo gharama yake, ikubali mapema. Jumlisha bei za vitu vilivyokauka kwenye daftari, uone kama punguzo ulilokosa linakaribia hapo. La pili ni mkopo wa simu unaomalizia salio lako moja kwa moja pindi ukipungukiwa. Unaondoa kabisa ule umbali uliojenga, kwa hiyo jiondoe kwenye huduma hiyo kwanza. La tatu ni kununua urahisi. Mtu anaanza kupunguza vitu, mara anaagiza makasha ya plastiki yanayofanana, hanga mpya na rafu ya mbao. Hiyo ni taa nyingine iliyovaa nguo za utulivu.

Kuhusu vitu vilivyopo nyumbani, nenda aina moja kwa moja, na nguo ndizo rahisi kuanza nazo. Mwenye kabati ageuze hanga zote zielekee upande mmoja, na kila nguo iliyovaliwa irudi ikiwa imeelekezwa kinyume. Mwenye sanduku au begi arudishe iliyovaliwa upande wa kulia. Subiri miezi sita ili masika na kipupwe vyote vipite, la sivyo utagawa sweta Januari na kulitafuta Julai. Ambazo hazikuguswa ndizo za kwanza kutoka. Usifanye kazi hii siku ya hasira, na usiguse vya mwenzako. Anayeamka Jumamosi akagawa makoti ya mumewe kwa jina la urahisi amejitafutia ugomvi ambao hakuna pumzi ndefu itakayouzima.

Ila kuna mahali ambapo ushauri wa kupunguza vitu, kama unavyoandikwa ughaibuni, haukai sawa kwetu. Unauliza: umekitumia kitu hiki mwaka huu? Sufuria kubwa la kupikia pilau, lile ambalo chini limekuwa jeusi na masikio yamefungwa waya, pengine wewe mwenyewe hulipikii hata mara moja kwa mwaka. Lakini lilikwenda arobaini nyumba ya tatu, likaenda Maulidi, likaenda ubarikio wa mtoto wa mwenyekiti wa mtaa, na kila mara lilirudi na sahani ya chakula juu yake. Hali ni hiyohiyo kwa mikeka ya wageni, viti vya ziada na turubai. Hivyo ni mali ya mtaa inayolala kwako. Kuviondoa hakurahisishi maisha ya mtu yeyote, kunamlazimisha kila mmoja anunue chake. Swali linalofaa zaidi ni hili: kitu hiki kinamtumikia nani?

Kingine ambacho vitabu vya mbali havikijui ni michango. Kwa familia nyingi za mjini, kinacholemea si vitu vya dukani. Ni kadi za harusi, sare, kichenpati, vikao vya kamati na ahadi zinazotajwa mbele ya watu. Huwezi kujitoa kabisa bila kujitoa kwa watu, na upweke haujawahi kumridhisha mtu. Unachoweza ni kuweka kiwango cha mwaka kabla mwaka haujaanza. Mfano wa kipato cha 700,000 kwa mwezi: asilimia 5 ni 35,000, kwa mwaka 420,000. Tenga nusu, yaani 210,000, kwa misiba na wagonjwa, kwa sababu haviji na taarifa. Nusu iliyobaki ni ya sherehe. Ukiwa na sherehe saba za watu wako wa karibu, kila moja ina 30,000. Ya nane inapata simu ya pongezi na mikono yako siku ya kupika. Jibu kamati faragha, mapema, kabla orodha ya ahadi haijapandishwa kwenye group, maana mbele ya orodha watu hutaja kiasi cha jirani badala ya cha mfuko wao. Sare ikatae kwanza kuliko mchango: mchango unamfikia mwenye shughuli, kitenge cha siku moja kinamfikia fundi na muuza duka.

Kuwepo, na kwa nini akili hukimbia

Hayo yote yanapunguza mwendo wa kutaka. Hayaongezi kufurahia hata kidogo, na ndiyo sababu wengi waliorahisisha maisha hulalamika kwamba yamekuwa makavu. Kufurahia kunahitaji uwepo wako wakati kitu kizuri kinapotokea, na takwimu za jambo hili zinashtua.

Mwaka 2010 Killingsworth, akiwa Harvard na Daniel Gilbert, alichapisha matokeo ya programu ya simu iliyowauliza watu kwa wakati wowote wa siku: unajisikiaje, unafanya nini, na je, unafikiria kitu tofauti na unachofanya? Kwa watu wazima 2,250, akili ilikuwa kwingine katika asilimia 46.9 ya nyakati walizoulizwa. Isipokuwa wakati wa tendo la ndoa, haikushuka chini ya asilimia 30 katika shughuli yoyote. Na walikuwa na furaha ndogo zaidi akili inapotangatanga. Hata mawazo mazuri hayakuwapa zaidi ya walichopata wale waliokuwa wametulia kwenye shughuli yao, ya kuosha vyombo ikiwemo. Wengi wao walikuwa Wamarekani wenye simu za bei, kwa hiyo asilimia zenyewe usizihamishie Tandika kama zilivyo.

Usielewe kwamba kupanga kesho ni dhambi. Mkulima asiyefikiria mvua atalala njaa. Tofauti iko kati ya kupanga, ambako kuna mwanzo, kalamu na uamuzi, na kuzungusha jambo lilelile kichwani wakati unakatakata vitunguu. Dawa ya kuzungusha ni kuyapa mawazo hayo saa yake. Tenga dakika 15 kila jioni, mahali pamoja, mbali na kitanda. Kila wasiwasi uandike, kisha mbele yake weka hatua na siku ya kuifanya, au weka alama kwamba hauko mikononi mwako. Wasiwasi ukija mchana, andika neno moja kwenye karatasi na uuambie utaonana nao saa mbili usiku. Wasiofanikiwa kwa kawaida ni wale wasiotokea kwenye miadi hiyo. Akili ikigundua kwamba saa mbili huwa haifiki, inarudi kudai mchana.

Mafunzo ya kuwepo yaliingia hospitalini mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alipoanzisha kozi kwa wagonjwa wa maumivu sugu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani. Muundo wake unaofuatwa leo ni wiki 8, kikao kimoja cha saa mbili na nusu hivi kila wiki, siku moja nzima ya ukimya, na mazoezi ya nyumbani ya dakika 45 kwa siku sita za wiki. Dozi hiyo ni kubwa, na ndiyo iliyopimwa, si zile dakika mbili za kwenye video. Mapitio ya majaribio 47 ya programu za kutafakari yenye washiriki 3,515, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalikuta nafuu ndogo hadi ya wastani kwenye wasiwasi, huzuni na maumivu. Hayakukuta kwamba kutafakari kunashinda mazoezi ya mwili au dawa.

Asiye na nafasi ya dozi hiyo anaweza kuanza na zoezi la dakika tatu, mara tatu kwa siku, lililofungwa kwenye jambo ambalo tayari lipo: kabla ya kuwasha gari, baada ya chakula cha mchana, kabla ya kufungua mlango wa nyumbani. Dakika ya kwanza, tambua kilichopo bila kukirekebisha: wazo gani, hisia gani, mwili umekaza wapi. Dakika ya pili, fuata pumzi mahali unapoisikia vizuri, puani au tumboni, bila kuivuta kwa makusudi. Dakika ya tatu, panua usikivu uchukue mwili mzima, kuanzia unyayo ulipo sakafuni. Basi, endelea na siku.

La kula ndilo linalowashangaza watu. Kwenye kozi hutumika zabibu kavu, lakini tende moja inafaa zaidi. Iweke kiganjani. Tazama mikunjo ya ganda na vile rangi inavyobadilika karibu na kikonyo. Igeuze uone nta hafifu inavyoshika mwanga, na inusie. Iweke ulimini usitafune kwanza, usikie mate yanavyokuja kabla ya jino. Ng'ata mara moja, simama, uone ganda linavyopasuka kwanza na utamu unavyochelewa kidogo nyuma yake. Tafuna polepole, zungushia kokwa, tambua nukta ile ambayo mkono unaanza kwenda kwenye tende ya pili wakati ya kwanza bado iko mdomoni. Nukta hiyo ndiyo makala haya yote: kufurahia kupo mdomoni, kutaka kumeshafika kwenye sahani.

Makosa ya kawaida ni machache na yanajirudia. Kubwa ni kujaribu kuondoa mawazo. Mawazo hayaondoki, na kazi si hiyo. Kazi ni kugundua umeondoka na kurudi. Ukirudi mara 40 ndani ya dakika kumi, umefanya zoezi mara 40. La pili ni kufanya zoezi ukiwa umelala kitandani usiku, ukasinzia, ukasema halifai. Kaa, mgongo ukijitegemea, macho yakitazama chini. La tatu ni kulitumia kama panadoli, pale tu unapokuwa umeshachemka. Na kwa aliyepitia ukatili au ajali mbaya, kufumba macho na kuusikiliza mwili kunaweza kuleta kumbukumbu kwa kishindo. Afungue macho, atazame vitu vitano vilivyomo chumbani, aache zoezi, na kama hali inajirudia aendelee akiwa na mtaalamu tu.

Wengine huhofu kwamba haya ni ibada ya dini nyingine. Mizizi ya kozi ile kweli iko kwenye mafundisho ya Kibudha, ingawa imefundishwa kama tiba. Lakini Mwislamu anayetafuta khushui, yaani utulivu wa moyo ndani ya sala, asiyekimbiza rakaa, na Mkatoliki anayeshika kila punje ya rozari bila kuruka, tayari wana mahali pa kufanyia kazi hiyohiyo ya kurudi. Pengine hawahitaji zoezi jipya. Wanahitaji kuacha simu nje ya chumba cha sala.

Pale isipokuwa suala la kuridhika

Kuna mtu anayeweza kufuata yote haya akazidi kujilaumu, na ni muhimu atambuliwe. Aliyetawaliwa na kutaka anataka vingi na kufurahia kidogo. Aliyetawanyika akili hufurahia pale anapokumbuka kuwepo. Lakini mtu anayekaa wiki mbili mfululizo, karibu kutwa nzima, bila kutaka kitu na bila kufurahia kitu, chakula hakimvutii, mpira aliokuwa akiufuatilia haumgusi, usingizi umevurugika, anajiona hana thamani, huyo mifumo yake yote miwili imefifia. Hiyo ni sonona, na ni ugonjwa. Kumwambia ashukuru kwa alivyonavyo kunamwongezea hatia juu ya mzigo. Mpeleke kituo cha afya, na usiseme tu kwamba "hana furaha". Mweleze daktari dalili zimeanza lini na zimechukua siku ngapi. Akitamka kwamba heri asingekuwepo, msindikize siku hiyohiyo wala usimwache peke yake njiani. Daftari la madeni na orodha ya kusubiri vitamngoja mpaka apate nafuu.